Sauti Nyuma ya Mstari

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikueleze kwanza jambo moja la tenisi ya wawili wawili. Mmoja husimama karibu na wavu, mwenzake nyuma. Wa mbele haoni vizuri mpira unaompita kichwani, hivyo wa nyuma humpigia kelele: "Acha!" Yaani unatoka nje, usiuguse. Naye hutii bila kugeuka. Huku Johannesburg, tunakoishi, neno hilo lina kazi kubwa, kwani mji uko juu, hewa ni nyepesi, na mpira huruka mbali kuliko ulivyokusudiwa.

Mimi ni wa Tanga, mwenzangu wa Lubumbashi. Tuliitana kwa Kiswahili ili wapinzani wasituelewe. Kabla yangu alicheza na kaka yake mkubwa, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Safari hii aliwaahidi nyumbani kwamba tusipofika nusu fainali ya mashindano ya mji, ataweka raketi chini na kwenda kunyoa vichwa katika saluni ya shemeji yake, mtaa wa Malvern.

Alasiri ya robo fainali mawingu ya radi yaliziba jua juu ya viwanja vya mtaa wa Bertrams. Watazamaji wachache walijibanza ubavuni, chini ya paa. Nyuma yetu viti vilikuwa vitupu.

Mpira ukanipita kichwani. "Acha!" Nikauacha, ukatoka nje.

"Asante, kaka," nikamwambia mwenzangu.

"Ya nini? Miye sikusema kitu."

"Umesema. Au ndiyo uzee?"

Akacheka. Baadaye yeye akawa mbele, mimi nyuma. Mpira ukapaa tena, na kabla sijafungua kinywa, "Acha!" ikatoka mgongoni kwangu. Ukatoka nje. Akanijia, uso umempauka.

"Ni weye?"

"Si mimi."

"Basi njo yaya," akanong'ona. Kwao, njo ni ndiye, na yaya ni kaka mkubwa.

Tangu hapo hatukuitana tena. Hatukukubaliana hivyo, tulijikuta tu tunasikiliza, na sauti ile haikukosea. Mtanzania mmoja akatupigia kelele kutoka chini ya paa, "Semeni, nyie! Mbona kimya, mmefiwa?"

Wapinzani wakabakiza pointi moja washinde. Wakainua mpira juu sana, ukaja polepole katikati yetu. Nilimtazama mwenzangu. Alikuwa ameshusha raketi, sikio amelielekeza kwenye viti vitupu. Nami nilikuwa nangoja.

Kimya.

Mpira ukaanguka ndani ya mstari mweupe, ukadunda, ukabiringika hadi kwenye uzio.

Mvua ilimkuta amesimama palepale. "Ameenda," aliniambia.

Siku hizi ananinyoa. Ni kinyozi mzuri, mcheshi. Ila pengine huzima mashine katikati ya kichwa changu, akatazama mlangoni, nami kwenye kioo naona mlangoni hakuna mtu.

Nawe ukicheza na mwenzako, usiogope kukosea. Mpira ukipaa kati yenu, sema mapema, kwa sauti yako mwenyewe, "Yangu!" Kisha upige.