Watoto wa Kwanza wa Ayubu

Tangu nifungue sanduku la marehemu mama nimenawa mikono mara tatu, na harufu ya naftalini ya kufukuza nondo haitoki. Kila Jumapili kule mtaani kwetu Katuba, kabla ya misa, alitoa humo shati la kaka yangu aliyekufa kabla sijazaliwa, akanivalisha. Nilipewa pia jina lake. Shati lilinibana makwapani.

Jumapili moja, mama akinivalisha, baba alitusomea mwisho wa kitabu cha Ayubu, pale Mungu anapompa watoto wengine badala ya wale waliokufa.

"Papa, na bale batoto ba kwanza, Mungu alibarudisha?" nikauliza.

"Alimupatia bengine. Inatosha."

Mikono ya mama ilisimama kwenye kifungo cha mwisho. Akanivua lile shati, akajifunika nalo uso. Nikabaki kifua wazi, nikingoja anivalishe langu.