Sanduku la Puani

Hebu mwone anavyoingia, msomaji wangu. Pikapu ya kijivu inakunja kutoka barabara kuu na kuingia uwanja wa kiwanda cha kokoto, nyuma ikikokota tela jeupe lenye mlango, pazia na dirisha: nyumba nzima juu ya magurudumu. Usukani umeshikwa na mwanamke aliyeinua mabega hadi masikioni. Pembeni yake yupo mama mkwe wake, mkoba mapajani, miguu kaikaza sakafuni kana kwamba na yeye ana breki zake.

Huyo anayeendesha ndiye Mama Kiraka. Jina walimpa vibarua wa barabara, maana yeye na mumewe walikuwa wakihama na kambi zao, mume akiendesha, yeye akishona ovaroli zilizopasuka. Ndani ya tela hilo walilala, wakapika, wakanuniana na kupatana. Sasa mume amezikwa, kambi imesogea mbele, na mjane amesema tela atalivuta mwenyewe. Asipolifikisha hana pa kushonea wala pa kulala.

Njiani siku hiyo tela lilianza kutikisa mkia. Akakanyaga breki. Likazidi, likaiburura pikapu hadi kwenye changarawe za kando. Mama mkwe alizimaliza dua zake zote. Tangu msiba moyo wa Mama Kiraka ulikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: upo, ila hausikii. Aliona tu bango la mizani ya malori, akakata kona.

Mpimaji alitoka kibandani na kikombe mkononi. Alikuwa mzee mwembamba, wenzake wakimwita Kilo kwa kuwa hakuwa nazo.

"Mmeniletea kokoto au mmeniletea nyumba?"

"Nyumba," akajibu mama mkwe. "Na inataka kutuua."

"Basi tuipime kwanza, tujue inatuua kwa kilo ngapi."

Mama Kiraka alimweleza kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi ya mwenzake. Haelewi, alisema, kwa sababu tela amelipunguzia mzigo. Sanduku zito lililokaa mbele amempa shemeji yake aondoke nalo.

Kilo alimwelekeza asogee mpaka magurudumu ya tela yakae juu ya bamba la mizani, pikapu ikiwa nje, akasoma. Kisha akamwambia alifungue tela kwenye gari, lisimame lenyewe juu ya bamba pamoja na kile kigurudumu chake kidogo cha mbele. Akasoma tena, akalinganisha namba hizo mbili. Akatoka akijikuna shingo.

"Mama, uzito wa tela hauna neno. Tatizo ni pua."

"Pua gani?"

"Hapa linaposhikana na gari. Pua inatakiwa ilalie gari kwa sehemu moja ya kumi ya uzito wote, na kidogo juu. Yako imegusa tu, kama mgeni aliyekalia ncha ya kiti. Mkia ndio mzito. Huko nyuma kuna nini?"

"Cherehani."

Haikuwa ya mezani, ile. Ilikuwa cherehani ya kiwandani, mota na meza ya chuma, imekazwa kwa bolti chini ya dirisha la nyuma. Mume ndiye aliyeikaza, akasema fundi hashoni gizani.

"Na kwenye sanduku?"

"Vyuma vibovu. Gia zisizo na meno, diski za breki zilizokwisha. Nilimgombeza sana marehemu. Nikamwambia chakavu ndiye mke mkubwa, mimi nimeolewa juu yake."

"Akasemaje?"

"Akacheka."

"Na mkihama anavibeba?"

"Kila tukihama. Hakuwahi kutoa hata kimoja akakitumia."

Kilo aliitazama pua ya tela, halafu dirisha la nyuma. "Mama, yule hakuwa akikusanya chakavu. Alikuwa akilipatia tela uzito huku mbele, ili wewe ukae dirishani kule."

Mama mkwe alishusha pumzi. "Mwanangu hakuwa mtu wa maneno," akasema. "Hata utotoni, ukitaka kujua kama anakupenda, mpaka uangalie kuni nani kapasua." Akamgeukia mkwewe, kitambaa tayari mkononi, akingoja machozi yake.

Hayakuja. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo, lakini la huyu lilikuwepo, lilipimika kwa kilo. Mama Kiraka alijua kwamba hapo ndipo mtu angelia. Alijingojea kidogo, kama anayengoja maji kwenye bomba kavu.

"Una spana?" akauliza. Za mumewe zilikwenda na shemeji.

Bolti alizifungua yeye mwenyewe. Wapakiaji wawili wa kiwandani wakamsaidia kuihamishia cherehani mbele, kwenye kona ya kabati, pasipo dirisha. Wakapima upya. Pua ililala.

"Hapo sawa," alisema Kilo. "Na likitikisa tena, usikanyage breki za gari, unalichochea. Achia pedeli ya mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, litatulia lenyewe. Mwendo wako uwe wa bibi harusi."

"Bibi harusi wa umri gani?" akauliza mama mkwe.

"Wa umri wako, mama. Asiye na haraka."

Mama Kiraka alikuwa ndani ya tela akifunga kabati simu ilipolia. Ni shemeji yake.

"Shemeji, mnunuzi wa chuma chakavu yupo hapa mlangoni, gari linanguruma. Lile sanduku mimi halinifai, ni takataka tupu. Nimpakilie aende nalo?"

Aliitazama cherehani gizani. Akatazama kule nyuma, jua linapopita dirishani na kuangukia matundu manne ya bolti sakafuni. Vidole vilivyoshika simu vilikuwa vimeanza kumwasha, kama mguu unaporudiwa na damu.

"Shemeji? Nimwambieje?"

Nawe, msomaji wangu, ungekuwa umesimama pale kati ya giza na dirisha, ungemwambieje?