Kitanda cha Jumanne

Nilisoma miaka mingi ili niitwe mtaalamu wa fiziotherapia, na hapa Bagamoyo naitwa mkandaji. "Nimekuja kukandwa," wanasema wakiwa bado mlangoni, na kanga ya mabegani imeshaanza kuvuliwa. Mwanzoni nilikuwa napandwa na hasira. Nilikuwa nawaeleza kuhusu misuli, mishipa na viungo, nao wananisikiliza kwa adabu, wakimaliza wanauliza kama maji ya moto yapo. Siku hizi nanyamaza. Watu wa pwani walianza kukandana kabla sijazaliwa mimi na chuo changu.

Mama ninayetaka kusimulia habari zake alitokea Mlingotini. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, kanga zake zimepigwa pasi, na shingo yake ilikuwa imegoma kugeukia kushoto. Nilimwamkia kutoka mezani, upande ule ule uliogoma, naye akageuza mwili mzima, miguu na vyote, ili aniitikie. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Niwie radhi, siku hizi nageuka kama gari la mizigo." Tukacheka wote. Nikampenda tangu hapo, jambo ambalo chuoni walitukataza.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka semina ya msongo wa mawazo. Walitufundisha kwamba kazi yetu si kunyoosha viungo tu, kwamba mwili wa mtu hubeba wasiwasi wake mabegani na shingoni, na kwamba sisi tunaomshika mgonjwa kwa mikono tuna nafasi ya kumsaidia apumue, alale, apunguze mzigo. Niliamini kila neno, na hata leo naliamini. Nilirudi na bango lenye picha ya mwanamke amekaa mkao wa kukunja miguu juu ya majani mabichi, macho kayafumba, anatabasamu. Nikalibandika juu ya kitanda cha pili. Kitengo chetu kina vitanda viwili.

Basi mama huyu nikamshika mabega, nikayakuta magumu kama ubao. Nikamfundisha kushusha pumzi: vuta kwa pua, hesabu nne, toa polepole kwa mdomo. Nikamwambia jioni atembee kidogo ufukweni, peke yake, asibebe kitu. Nikamwambia apate muda wake mwenyewe. Mwisho nikasema lile tunalolisema sote, madaktari, manesi, mpaka mlinzi wa getini: "Na mama, punguza mawazo."

Alikuwa anajifunga kanga. Akaacha.

"Nipunguze lipi?"

"Yote yanayokusumbua."

"Mimi ninalo moja tu, mwanangu. Mamaangu mzazi. Nikilipunguza hilo, si ndo keshakufa?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeuliza dawa inywewe kabla ya chakula au baada. Nikamwambia aje tena Jumanne.

Jumanne ya tatu ndipo nilipojua. Shingo ilikuwa inalegea mikononi mwangu, lakini kila akirudi inakuwa imekaza upya, nami nikaanza kumlaumu kimoyomoyo kwamba hafanyi mazoezi. Nikamhoji kuhusu mito. Nina hotuba yangu nzuri kuhusu mito: usiwe mnene, usiwe laini mno, ukae hapa, si hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Situmii mto," akasema. "Nalala mlangoni."

Mama yake, bibi wa miaka themanini na zaidi, alikuwa amepotewa na kumbukumbu. Alikuwa hamjui tena mwanawe, na kila usiku alikuwa anataka kwenda kwao, kwa mama yake, ambaye ameshakuwa udongo tangu zamani. Mara mbili walimkuta mikokoni, kwenye matope yamemfika magotini na maji ya bahari yanajaa. Wakajaribu kufuli, akaupiga mlango mpaka mikono ikavimba, analia kwamba kafungwa jela. Ndipo mwanawe akaanza kulala ameketi, mgongo kauegemeza mlangoni, kichwa kimeangukia bega moja, pindo la kanga yake kalifunga na pindo la kanga ya mama yake. Bibi akinyanyuka, fundo linavuta. Ilikuwa inakaribia mwaka wa pili.

Nilisimama pale na hotuba yangu ya mito. Niliona aibu, na sikuwa na pa kuipeleka.

Tangu siku hiyo niliacha kuhesabu pumzi. Nilikuwa namlaza chali, namwekea taulo la moto shingoni, navuta pazia, na kabla sijaondoka keshalala. Alilala kweli, mdomo wazi, mikono imeanguka pembeni. Dakika ishirini za taulo zikawa arobaini, kisha saa nzima. Wagonjwa wengine niliwaambia wapunguze sauti. Juu ya kichwa chake yule mwanamke wa kwenye bango alitabasamu, na nilitamani kumchana.

Jirani yake ndiye aliyekuwa anakaa na bibi siku hizo za Jumanne. Watoto wawili wa mama huyu waliolewa mbali. Kaka yake alikuwa Dar es Salaam, na alipiga simu kila wiki bila kukosa. Siku moja alipiga wakati mama anajifunga kanga zake atoke, nami nikasikia, kwani simu ya mama ilikuwa ya kupaza sauti. Aliuliza habari za bibi, akatoa pole nyingi, akasema wewe ndiye uliye karibu naye, Mungu atakulipa. Halafu akamalizia: "Tuko pamoja, dada."

"Tuko pamoja," mama akaitikia, akakata simu. Akanitazama. "Yeye yuko pamoja na nani, sijui."

Nilicheka. Mimi ni mtoto wa milimani, Upareni, nimejenga Mapinga, na mama yangu yuko kule kwetu na dada yangu mkubwa. Magoti ya mama yameisha, macho yanafifia, hata chooni hupelekwa. Jumapili nikitoka kanisani huwa napiga simu. Natoa pole. Namwelekeza dada namna ya kumnyanyua mama asijiumize mgongo, maana ndiyo taaluma yangu. Kisha nasema maneno yale yale mawili, kwa sauti ile ile nzuri. Nilikuwa nimemkasirikia mtu wa kwenye simu, kumbe mtu huyo namjua.

Jioni ile nilimpigia dada, ingawa haikuwa Jumapili. Nikamuuliza, "Dada, wewe unalalaje?"

Akashtuka. "Kuna nini? Umeota vibaya?"

"Nauliza tu."

"Nalala kama watu," akasema, na kabla sijaendelea nikasikia mama anamwita kutoka chumbani, naye akasema tutaongea. Hatukuongea.

Shingo ya mama wa Mlingotini ikapona. Huo ndio ukweli, na ndio uliotuponza. Kile kipimo chetu cha plastiki, kinachoonyesha kichwa kinageuka kiasi gani, kilionyesha kwamba upande wa kushoto sasa unakaribia wa kulia. Mgonjwa akifika hapo tunamruhusu. Benchi la nje lilikuwa limejaa watu wa kiharusi na vijana wa bodaboda waliovunjika miguu, wametoka Kerege, wametoka vijijini ndani kabisa.

Nilipomwambia amepona, alikaa kitandani. Kisha akanishika mkono.

"Andika bado."

"Mama..."

"Andika bado haijageuka. Mwanangu, jirani anakaa na mamaangu kwa sababu nakuja hospitali. Ningemwambia nakwenda kulala, angekubali? Nani anamwachia mtu mgonjwa wake ati akalale?"

Alisema kweli. Hospitali ni ruhusa ambayo hakuna anayeikataa. Ukisema umechoka, utaambiwa sote tumechoka.

Nikaandika bado. Niliandika uongo ule Jumanne mbili, kwa mkono wangu huu, na sijutii. Jumanne ya tatu aliletwa mwalimu mmoja mstaafu, kiharusi kimempiga upande mzima, mkewe kamsukuma kwenye kiti cha magurudumu tangu asubuhi. Kitanda kimoja kilikuwa na mgonjwa. Cha pili kilikuwa na mama yangu wa Jumanne, nyuma ya pazia, anakoroma taratibu. Mke wa mwalimu alinitazama.

Nilikwenda nikamwamsha. Nimegusa watu wengi kwenye kazi hii, nimewaumiza wengi kwa faida yao, lakini hakuna mguso uliokuwa mgumu kama ule wa kumgusa bega na kusema, "Mama, amka." Aliamka kwa kuruka, mkono unatafuta fundo la kanga. Alipoona ni mimi, akajua. Akajifunga kanga zake vizuri, akakaa kando ili nitandike shuka jipya, akanisaidia hata kulivuta lile shuka. Nikamwandikia kwamba amepona. Mlangoni nikataka kumwambia neno la kumfaa, nikafungua kinywa, likatoka: "Tuko pamoja, mama."

Akaitikia kwa adabu.

Zilipita wiki kadhaa. Nilibandua bango, nikasema linaangukia wagonjwa. Kila Jumanne nilikuwa naangalia mlango, na hasira yangu ikawa inawaangukia wasiohusika.

Kisha Jumanne moja mlango ukafunguka wakaingia wawili. Mama alikuwa amemshika mkono bibi kizee mwembamba, mrefu, aliyevaa buibui la zamani na kanga juu yake. Kanga zao zilikuwa zimefungwa pindo kwa pindo. Mama akanipa karatasi ya daktari.

"Magoti," akasema. "Mamaangu magoti yanamuuma."

Aliniangalia usoni kwa ujasiri wa mtu ambaye hajadanganya sana. Magoti ya umri ule lazima yaume kidogo. Nikasema karibuni.

Alilifungua fundo, tukampandisha bibi kitandani, nami nikaanza kulikunja goti lake na kulikunjua. Mwanawe akakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, mgongo ukutani. Sijafika hesabu ya tano, akawa amelala. Kichwa kiliangukia bega, shingo ikajipinda vile vile ilivyokuwa inajipinda mlangoni, na miezi yote ya kazi yangu nikaiona inaharibika mbele yangu. Sikuwa na kitanda cha kumpa. Nilichukua taulo, nikalikunja, nikamwekea kati ya bega na shavu. Likateleza likaanguka chini.

Bibi alikuwa anatutazama. Macho yake yalikuwa mazuri, yametulia, hayana shida yoyote.

"Mama yule kachoka," akasema.

"Ndiyo, bibi. Kachoka."

"Maskini. Hana watu yule?"

"Anao, bibi," nikasema.

Akamtazama tena mwanawe kwa muda mrefu, kwa huruma ambayo mtu humpa mgeni.

"Kama anao," akaniuliza, "mbona kalala kwenye kiti?"

Nikalishika goti lake. Benchi la nje lilikuwa limejaa. Nikahesabu kwa kunong'ona, nane, tisa, kumi, kisha nikaanza tena moja.