Mama na Vidonge vya Kushusha Kinga

Mimi ni fundi cherehani, na ugonjwa wangu ulianzia pale pale penye kazi, kwenye vidole. Asubuhi moja niliamka vimevimba na kukakamaa, mkasi ukanikataa. Baada ya wiki kadhaa kila aliyenipa mkono alinitoa machozi, maana Wakurya hatusalimiani kwa kugusana, tunabana. Nikaanza kuwapa watu kiwiko. Wakasema nimeanza kuringa.

Vifungo vya shati viliponishinda nilirudi kijijini Gorong'a kwa mama. Kila asubuhi alinifunga vifungo, mtu mzima mwenye ndevu. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa: fundi asiyeshika mkasi atashona nini?

Daktari mjini alinipima damu, akaniambia nina baridi yabisi ya aina ambayo kinga ya mwili inakosea na kushambulia viungo vya mwenyewe. Haiambukizi. Haiponi kabisa, ila hutulizwa. Akanipa dawa ya muda mfupi ya kutoa uvimbe, na vidonge vingine vya kumeza mara moja tu kwa wiki, Jumamosi, kamwe si kila siku. Alinitaka nirudie maneno hayo mpaka nikajiona niko chekechea. "Vitashusha kinga kidogo," alisema.

Kosa langu ni kwamba nilimweleza mama kwa maneno yale yale. Kijijini kwetu "kinga imeshuka" ina maana moja tu, na husemwa kwa kunong'ona. Mama aliweka mwiko chini, akaniita kijana kwa Kikurya.

"Mura, wenzako wanaitafuta kinga kwa tochi, wewe umekwenda kuishusha?"

Hapo vita vikaanza. Daktari anashusha, mama anapandisha. Nilikunywa uji wa tangawizi, nikatafuna vitunguu swaumu vibichi, nikaramba unga wa mlonge. Wateja wachache walionifuata kijijini walipimwa nguo wakiwa wamegeuza nyuso dirishani kukwepa harufu yangu. Dawa ya uvimbe nayo ilinipa njaa na mashavu, majirani wakaja kumpongeza mama kwa kunilisha vizuri. Alipokea pongezi zote.

Jumamosi moja kopo la vidonge halikuonekana. Nilipekua nyumba nzima, mwisho nikalikuta ndani ya gunia la ulezi, limefukiwa kama mbegu. Nikamfokea mama. Kwetu hilo halifanywi, na mpaka leo linaniuma.

Yeye hakupandisha sauti. "Mdogo wangu kinga ilishuka," alisema. "Nilimwogesha mimi mpaka siku ya mwisho. Wewe siwezi kukuogesha."

Nilikaa juu ya gunia. Sikuwahi kufikiri kwamba vile vitunguu vyote vilikuwa hofu.

"Mama, ya mjomba ilikwisha. Yangu imezidi ukali. Ni kama sungusungu wa doria wamelewa: mwizi hayupo, wanampiga mwenye ng'ombe. Kidonge hakiwafukuzi, kinawanyang'anya marungu."

Alivuta kigoda akaketi. Mambo ya ng'ombe huyachukulia kwa uzito.

"Yote?"

"Baadhi."

"Na mwizi akija kweli?"

"Ndiyo maana damu yangu inapimwa kila mara. Na nikipata homa sikai nyumbani, nakimbilia hospitali."

"Wabakizie fimbo," aliamua, kama vile mimi ndiye kamanda. Kisha akauliza kuhusu vitunguu. Nikamwambia vikae kwenye mboga, na unga wa mlonge tuusimamishe kwanza mpaka daktari aseme. Aliguna. Hajazoea kushindwa vita viwili kwa siku moja.

Kopo lilikuwa na kifuniko kigumu, vidole vyangu havikuweza. Alilifungua yeye. Akanimiminia dozi kiganjani, akanipa maji, kisha akajifunika uso kwa kanga.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

Akaenda shambani kupalilia. Muda si muda nikasikia ananiita kwa sauti kubwa, "Mura." Nikaitika, nikatoka kumuuliza anataka nini. Hakutaka kitu. Aliinama akaendelea na jembe. Aliniita hivyo mpaka jua likazama, naye kila nilipoitika alirudi kulima.