Jiwe jeusi lilikaa kwenye kidole changu siku nne, nikingoja lidondoke lenyewe

Wakuu, salaam kutoka Kasongo, Maniema.

Naanza na kosa kabisa, nisije nikajipamba baadaye: mdudu aliniuma mara moja, mimi nikajichanja mara tatu kwa wembe wa kukatia nyuzi. Yote yaliyofuata yalianzia hapo. Nitayasema kama yalivyokuwa, hata yale yanayonionyesha mjinga, na ni mengi.

Kiswahili chetu huku kina mambo yake, mtanivumilia.

Mimi ni fundi cherehani, miaka ishirini na minne. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufumua nguo kuukuu za marehemu baba, naangalia zilivyoshikana, kisha narudishia. Baadaye simu ikanimalizia shule. Nina ugonjwa mmoja: mshono ukipinda hata kidogo, siwezi kuendelea na kitu kingine. Naufumua hapo hapo. Wateja wananicheka, lakini wanarudi.

Tabia hiyo hiyo ya kujifundisha ndiyo iliyonifikisha kwenye jiwe jeusi.

Kwa wasiolijua: si jiwe. Ni kipande cha mfupa wa ng'ombe kilichochomwa mpaka kikawa cheusi. Huku ukiumwa na nyoka, nge au mdudu yeyote mkali, unachanjwa kidogo mpaka damu itoke, jiwe linawekwa juu ya damu, linanata. Watu wanasema linakunywa sumu. Sharti lake ni moja: usilitoe kwa mkono. Sumu ikiisha, litadondoka lenyewe.

Wengi wananunua. Mimi nikajitengenezea. Nilikata mfupa wa mguu kwa msumeno, nikausugua kwa msasa mpaka pande zikawa sawa, nikauzika kwenye makaa. Cha kwanza kilipasuka. Cha pili kilitoka kimepinda. Nilirudia mpaka nikapata vipande laini, vyeusi, kama vifungo vya koti. Wakuu, nilivipenda vile vipande kuliko nguo yoyote niliyowahi kushona.

Sasa siku yenyewe.

Nilikuwa natoka Wamaza kuwapima watu nguo za harusi. Mvua ilikuwa imenyesha, pikipiki ikazama kwenye tope. Dereva wangu, Shabani, akanituma matawi ya kuweka chini ya gurudumu. Nilipokamata la pili, kitu kikaniuma juu ya kifundo cha kidole cha shahada, mkono wa kulia. Kama kaa la moto.

Nikatupa tawi, nikatafuta kwenye majani. Sikuona kitu.

"Shabani, kuna kitu kimeniuma!"

"Fundi, pori imekusalimia tu. Leta ile muti, ao tutalala hapa?"

Kama ningeosha kwa maji na sabuni nilipofika nyumbani, nikanyamaza, nadhani uzi huu usingekuwepo. Lakini kile kidole ndicho kinachoongoza kitambaa chini ya sindano. Ndicho kinachonielekezea mkasi. Kidole hicho kikifa, mimi si fundi tena, ni kijana anayekaa nyumbani kwa mama yake. Wazo hilo lilinishika kabla hata ya magharibi na halikuniachia.

Nikachukua wembe. Chale tatu ndogo, zimepangana vizuri. Nikabandika jiwe. Likanata palepale. Nikajiona daktari.

Siku ya pili maumivu hayakupungua, yalibadilika. Mwanzo yalikuwa yanawaka. Sasa yalikuwa yanapiga, kama kuna moyo mdogo ndani ya kifundo.

Nikachora mstari wa kalamu pale uvimbe ulipoishia. Nikachukua mita yangu ya kupimia wateja, nikapima mkono kwenye kiganja, nikaandika kwenye daftari la vipimo, ukurasa wangu peke yangu. Nilipima tena adhuhuri. Nikapima alasiri. Nilikuwa naacha nguo ya mtu katikati ya mshono nikajipime.

Na simu, bila shaka. Nikasoma kwamba maumivu ya kuumwa na mdudu yanaweza kubaki siku kadhaa. Ni kweli, yanaweza. Sentensi hiyo niliisoma mpaka nikaijua kwa moyo. Chini yake palikuwa na sentensi nyingine, ya lini umwone daktari. Hiyo niliipita.

Nilikuwa natafuta ruhusa ya kungoja. Mtu akitafuta ruhusa kwenye simu, hakosi.

Mama alipita akaangalia. "Iache, mutoto yangu. Iko inakunywa. Ingekuwa imemaliza, ingeanguka."

Hesabu yangu ikawa hiyo: halijaanguka, basi sumu bado ipo. Sikuwahi kujiuliza kama kuna kitu kingine kinachoweza kulishikilia.

Siku ya tatu uvimbe ulivuka mstari. Nikachora mwingine. Jioni ukavuka, nikachora wa tatu, karibu na kifundo cha mkono. Ngozi ilikuwa inang'aa na ilikuwa ya moto. Ukisogeza shavu bila kugusa unausikia ule moto.

Zaituni, mdogo wangu anayeshona vifungo nami kibandani, akasogeza pua.

"Kaka, hii kitu inanuka."

"Ni sumu inatoka."

"Sumu gani inanuka kama nyama ya juzi?"

Nikamwambia arudi kwenye vifungo vyake.

Mtaniuliza kwa nini sikwenda sante, maana ndivyo tunavyoita kituo cha afya, na kipo mwendo wa dakika ishirini kutoka nyumbani. Naungama: niliona aibu kupanga foleni na wamama wenye watoto wa homa, mimi mwanaume, eti mdudu. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni kwamba nilimjua mchimbaji mmoja aliyeletwa kutoka Salamabila na kidonda cha mguu, akarudi kwao bila mguu. Kichwani mwangu dokta na msumeno vilikuwa kitu kimoja. Kumbe yule naye alichelewa. Hilo sikuliwaza.

Siku ya nne asubuhi kidole kilikuwa kimejikunja kama ndoano. Nikijaribu kukinyoosha, machozi yanatoka bila mimi kutaka. Kwapani palikuwa na uvimbe kama yai la njiwa. Nilikuwa natetemeka na jua limeshatoka.

Pamoja na hayo nikachora mstari wa nne na kukaa kwenye meza ya kukatia. Nikashika mkasi kwa vidole vilivyobaki, nikakata mkono wa gauni la mteja. Mkasi ukaenda pembeni, ukaingia mpaka kifuani mwa kitambaa.

Sijawahi kuharibu kitambaa cha mtu namna ile. Nikakaa nakitazama.

Zaituni hakucheka. Akaja akasimama mbele yangu.

"Kaka, mshono ukipinda kama unywele unafumua mbele ya mwenye nguo. Unamwambia rudi kesho. Huu mkono umepinda siku nne. Ni wa nani, wa mteja gani, mpaka unauacha?"

Nikaweka mkasi mezani. Akafunga kibanda, akanishika mkono ulio mzima, tukaenda.

Pale sante alikuwapo muuguzi mmoja, mama mtu mzima, mkali na mpole kwa wakati mmoja. Alitazama jiwe, akatazama mistari.

"Nani alikupasua hivi?"

"Ni mimi, mama."

"Na nini?"

"Wembe."

"Mupya?"

Zaituni akajibu kwa niaba yangu: "Ya kukatia nyuzi."

"Na huyo mududu, anaitwa nani?"

"Sikumuona."

Akavuta pumzi. "Mududu aliuma, akaenda safari yake. Siku ile ile alimaliza kazi. Hii ingine yote umejifanyia weye mwenyewe."

Akaloweka kidole kwenye maji ya vuguvugu yenye dawa, muda mrefu. Jiwe likalegea. Lilipotoka, chini yake palikuwa na usaha, mwingi, na harufu iliyomfanya Zaituni aangalie dirishani. Hapo ndipo nikaelewa kilichokuwa kinalishikilia. Damu iliyokauka na usaha. Nilikuwa nimefunika uchafu kwa kifuniko, tena kifuniko nilichokisugua kwa msasa mwenyewe.

Nikamuuliza kama jiwe halivuti sumu.

"Mufupa ya kuchomwa inavuta maji yoyote. Weka mu maziwa, itavuta maziwa. Utasema maziwa ilikuwa na sumu?"

Kisha akagusa mistari yangu kwa ncha ya kalamu, mmoja mmoja, kuanzia kidoleni mpaka mkononi. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne.

"Hii ni kazi muzuri. Hata sisi tunachoraka hivi. Lakini ulichora, ikavuka. Ulichora ingine, ikavuka. Ulikuwa unangoja nini, mwanangu?"

Wakuu, hilo swali lilinitia aibu kuliko mambo yote. Vipimo vyangu vilikuwa sahihi. Kila namba kwenye daftari ilikuwa sahihi. Nilikuwa nimeshaandika kwa mkono wangu kwamba ninaharibikiwa, nikaufunga ukurasa.

Alinichoma sindano ya pepopunda, akanipa karatasi, akaniambia nisipite nyumbani, niende moja kwa moja hospitali kubwa. Huko dokta alijaribu kukinyoosha kidole, nikapiga kelele, akasema uchafu umeingia kwenye ala ya kano, ile kamba inayokunja kidole. Alikifungua na kukisafisha siku hiyo hiyo. Nikauliza swali langu la msumeno. Akaniambia: "Leo hapana. Ungekuja kesho kutwa, singekujibu haraka hivi."

Nililala hospitali siku tisa, dawa inapita kwenye mshipa. Mama alileta chakula kila siku na kila siku alisema: "Bila ile jiwe ungekuwa umekufa." Dokta akatabasamu. Mimi sikubishana naye. Mpaka leo hatujapatana juu ya hilo.

Sasa kuna jambo ambalo sijalisema, na ndilo linalonikosesha utulivu mpaka nikafungua uzi huu.

Sikutengeneza jiwe moja. Nilitengeneza matatu. La pili nilimpa shangazi kule Wamaza, la tatu Shabani, kwa sababu yeye yuko porini kila siku. Nilivyotoka hospitali, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuponda la kwangu kwa nyundo. Kisha nikaenda Wamaza. Shangazi alinirudishia la kwake huku ananuna, alikuwa amelihifadhi kwenye kopo la chai na hajalitumia.

Shabani akakuna kichwa.

"Ile? Nilimuachia mutu moja ya Salamabila, muchimbaji. Nge ilimuuma."

"Akapona?"

"Lazima alipona."

"Ulimuona, Shabani?"

"Fundi, nilishusha mizigo nikarudia siku ile ile. Mimi ni dokta?"

Nimempigia kila mtu ninayemjua huko. Jina la mtu huyo hatulijui. Shabani anakumbuka tu kofia ya njano.

Kwa hiyo sikilizeni, haya ni ya yule mama muuguzi, mimi nayarudia tu. Kuumwa na mdudu kunaweza kuuma na kuwasha siku moja, mbili, hata zaidi. Cha kutazama ni kama kunapungua. Ikifika siku ya pili au ya tatu maumivu yanapanda badala ya kushuka, uvimbe unatembea, ngozi ina moto, usaha, homa, uvimbe kwapani au kinenani, kidole hakikunjiki au hakinyooki: nenda. Kwenye ngozi yetu nyeusi usingoje kuona wekundu, utachelewa. Gusa, sikia moto. Ukishachora mstari na ukavukwa, usichore wa pili.

Na kama mdudu amekuuma sasa hivi, midomo au uso unavimba, au pumzi inabana, hiyo si ya kungoja hata saa moja. Ukiumwa na nyoka, au nge akimuuma mtoto, vilevile.

Usijichanje. Osha kwa maji na sabuni. Ukivaa pete kwenye mkono huo, ivue kabla haujavimba. Uliza kuhusu sindano ya pepopunda.

Najua wapo watakaosema jiwe liliwaponya. Semeni, nitasoma bila kutukana mtu. Wauguzi na madaktari wa humu, nikosoeni palipo na makosa. Na kama uko Salamabila au Lusangi, ukaona jiwe jeusi la duara lenye alama ndogo ya mkasi niliyoichonga upande mmoja, mwambie mwenye nalo alitupe, kisha niandikie hapa anaendeleaje. Hata kama ni habari mbaya, niandikie.

Upande wangu, kidole kimebaki, kinakunja nusu. Zaituni ndiye anayekata vitambaa sasa, mimi nashona, na kila jioni ananitaka nimwonyeshe mikono yote miwili, nami namwonyesha.