Kapteni wa Benchi

Nilichaguliwa kuogelea kwa sababu ya mahali nilipozaliwa. Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni nje kidogo ya Iringa, mwalimu wa michezo alipoingia darasani na kuuliza nani anatoka Kyela. Nilinyoosha mkono nikidhani kuna barua.

"Mtu wa ziwani!" akasema. "Basi wewe ndiye kapteni wa kuogelea."

Ningeweza kumweleza kwamba kwetu ni mpunga, kwamba ziwa nililiona mara mbili tu, na mara zote mbili mama alinishika ukosi kwa kuogopa mamba. Nilikuwa bado naipanga sentensi hiyo, nikipima kama mamba watanifanya nionekane mwoga, aliposema kwamba waogeleaji wamesamehewa kulima. Shamba la shule lilianza saa kumi na mbili asubuhi, umande ukikata vidole vya miguu. Nikanyamaza.

Shule haikuwa na bwawa. Mto ulikuwepo, ila mwalimu mkuu aliukataza, maana mwanafunzi akifa huko, fomu za kujaza ni nyingi. Kwa hiyo tulifanya mazoezi bwaloni, juu ya mabenchi ya kulia ugali. Tulilala kifudifudi, tukapiga miguu na kuzungusha mikono hewani, mwalimu akisoma kitabu kwa sauti: "Vuta! Pumua! Vuta!" Alitupima kwa saa yake ya mkononi. Mtu anamshindaje mwenzake huku mabenchi yote yako palepale, sijaelewa mpaka leo, na shahada ninayo. Nilichojua ni kwamba mimi nilikuwa wa kwanza kila siku.

"Kapteni, punguza mwendo," aliniambia mwenzangu wa benchi la pili, kijana wa Kalenga. "Utagonga jiko."

Wiki ya kwenda kushindana Mbeya niliamua kusema ukweli. Nilifika mlangoni kwa mwalimu mara tatu. Mara ya tatu alifungua, akanikabidhi kaptula mpya ya bluu. Unamwambiaje mtu ukweli huku umeshika kaptula yake?

Bwawa la Mbeya lilijengwa na wakoloni, na nadhani walilijenga ili kuadhibiana, maana maji yale, mwezi wa Julai, yaliuma hadi kwenye meno. Tulianzia upande wa kina kifupi. Maji yalinifika kifuani. Filimbi ikalia, wenyeji wawili wakaondoka, na mimi nikatembea. Niliinamisha uso, nikazungusha mikono kama bwaloni, na huko chini nikatembea upesi upesi kama mtu anayewahi basi. Hadi katikati nilikuwa wa tatu kati ya wanne. Yule wa Kalenga alikuwa bado ameng'ang'ania ukuta. Kisha sakafu ikaanza kuteremka, na ghafla haikuwepo.

Nilizama nikifikiri. Nikipiga kelele, nimekiri kwamba sijui kuogelea. Nisipopiga, nimekufa nikiwa kapteni. Nililipima jambo hili kwa makini zaidi kuliko mtihani wowote nilioufanya baadaye chuoni, na mwishowe nikamwita mama, kwa Kinyakyusa, mbele ya shule nzima ya wenyeji. Mtunza bwawa alinivuta kwa mti mrefu wa kuondolea majani.

"Misuli imemkaza!" mwalimu akatangaza kabla sijamaliza kutapika maji. Kisha akaniinamia sikioni. "Misuli, sawa?"

Jumatatu, mstarini, alisimulia misuli yangu kwa huzuni kubwa. Shule ikapiga makofi. Akaongeza kwamba fundi anatengeneza mabenchi mengine mawili, na vijana wanne wa kidato cha kwanza wataogelea mbio zijazo. "Kapteni, waambie neno."

Niliwatazama wale wanne. Walikuwa wakitabasamu, bila shaka wakifikiria jembe.

"Sijui kuogelea," nikasema. "Sijawahi kujua. Msiingie majini."

"Mnaona?" mwalimu akasema. "Huo ndio unyenyekevu wa mwanamichezo!" Makofi yakazidi ya mwanzo.

Kesho yake, saa kumi na mbili kasoro, nilikwenda stoo kuomba jembe. Kiranja wa shamba aliangalia orodha yake.

"Wewe hapana, kapteni. Umesamehewa."

"Nataka kulima, ndugu."

"Nenda bwaloni. Wenzako wapya wameshalala kwenye mabenchi, wanakusubiri."