Basi ya Mjomba

Mjomba wangu alikuwa karani, na majivuno yake yangetosha ofisi nzima. Huyu ni kaka yake mama, mtu wa kofia, tai na viatu vya kung'aa, mmoja wa wale ambao Wabelgiji waliwaita evolue, yaani Mwafrika aliyekwisha kustaarabika. Mtoto wa kijijini Makobola huyo! Ustaarabu wenyewe ulikuwa kutusemesha Kifaransa huku mama akimpakulia ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwa letu.

Mguu wangu wa kushoto uliharibika nikiwa mdogo. Uvira, mji wetu, haikunisumbua: barabara ni moja, mlima huku, ziwa kule, unaenda polepole unafika. Lakini nilipopata nafasi ya kusomea ualimu, ilibidi kuchagua mji, Bukavu au Usumbura, Bujumbura ya leo. Mama aliogopa kitu kimoja tu, mguu ule usije ukaniachisha masomo.

"Bukavu? Milima mitupu!" mjomba akacheka. "Usumbura ni tambarare, na basi iko. Weye utakaa kwenye kiti mpaka mlango wa shule. Minye mwenyewe niliiona na macho yangu."

Kuiona, aliiona kweli.

Nikakaa kwa jamaa zake mtaa wa Buyenzi, na shule ilikuwa upande wa pili wa mji. Siku ya kwanza nikasimama kando ya barabara, nikainua mkono. Basi ikapita. Ikaja nyingine, nayo ikapita. Muuza karanga akanionea huruma: ile ni ya Wazungu, bwana mdogo. Nikaenda kwa miguu mwaka mzima, na jua lile la Usumbura, na mwalimu akiniambia nikichelewa tena nirudi kwetu. Halafu nikaja kusikia kwamba kule Bukavu wanafunzi walilala shuleni mlemle, kitanda na darasa ukuta mmoja! Hakuna aliyeuliza. Nani angeuliza, na karani ameshasema?

Likizo ilipofika, mjomba akaja na tai yake kunichukua. Nikampeleka barabarani makusudi.

"Tupande, mjomba."

Akainua kofia. Basi ikapunguza mwendo, dereva akatutazama, akakanyaga mafuta. Ndani mlikuwa na mama mmoja tu wa Kizungu na kikapu chake.

"Imejaa," mjomba akasema.

Lo! Nilimdharau mpaka nikasikia raha. Tukatembea, viatu vyake vipya vikimuuma, akichechemea kuliko mimi.

Nyumbani Uvira, mbele ya majirani, akaketi, akavua kofia. "Basi ya Usumbura! Tulipanda, minye na mpwa wangu. Viti laini hivi!" Majirani wakashangaa.

Mama hakushangaa. Alikuwa amepiga magoti ananivua viatu. Cha kushoto soli ilikuwa imekwisha, na kitambaa nilichofungia mguu kimegandamana na damu. Akakiinua kile kiatu juu, kila mtu akione.

"Kaka," akasema, "hiyo basi inakula viatu?"